Siku Tatu za Baba Siyu

Masqat,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Amina,
Wiyoni, Lamu.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama, nakushika miguu kutoka huku mbali. Presha imetulia? Na zile dawa za asubuhi, unazimeza au unazitazama tu na kuzirudisha koponi? Goti la kushoto limekuachia usali kwa kusimama? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, nakula na kazini naenda. Kisichotulia ni moyo. Barua hii nimeianza mara nne tangu kurudi msikitini, na mara mbili nimetoka nje juani kwa kisingizio cha kununua kalamu, na hali kalamu ninayo mkononi. Makame, yule Mpemba ninayekaa naye chumba kimoja, ameniambia, "Kaa kitako bwana, umenichosha na kiguu na njia chako." Nimekaa, lakini kitandani mwake, maana changu kinanichoma.

Zuhura dadangu, najua wewe ndiye unayemsomea Mama, kwa sababu miwani yake ilivunjika na hataki mpya. Soma kila neno. Utafika mahali utakapotamani kuruka ili kunistahi. Usiruke.

Nianze na jibu, Mama, nisikuweke roho juu. Baba hakuwa na mke Siyu. Hakuwa na mke popote pale isipokuwa hapo ulipokaa. Zile siku tatu za kila mwaka alikuwa akienda kufanya kazi, na kazi ile niliizusha mimi mwanao. Nusu ya habari hii nimekuwa nayo miaka tisa nikanyamaza, na nusu nyingine nimeipata Jumanne hii. Nimejaribu kukwambia kwa simu nikashindwa. Kila nikitaja jina la Baba unanambia, "Nna chungu motoni, mwanangu," na simu inakatika. Chungu gani hicho kisichoiva miezi miwili?

Wala sikulaumu. Ninavyofahamu mimi, mambo yalikwenda hivi, na nikikosea Zuhura atanisahihisha. Siku ya hitma walikuja jamaa za Baba kutoka Pate, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasema, "Tangu maziko ya nduguye Omari hatuyamwona kwetu." Na wewe kila mwaka, masika yakiisha, umekuwa ukimkunjia nguo kwenye mkoba na kumfungia mkate, naye akikuaga kwamba anakwenda Pate kuzuru kaburi la nduguye. Ukamtuma Zuhura aulize chini kwa chini. Dereva mmoja wa bodaboda pale Mtangawanda, bandarini abiria wa miji ya Pate na Siyu wanaposhukia, akajibu bila kufikiri: "Fundi Shee? Huyo nalikuwa nikimpeleka Siyu, si Pate." Kisha wiki ile ile ikaja simu ya mwanamke wa Siyu, analia kilio cha mfiwa. Ulimuuliza jina, akasema Rukia, ukamkatia.

Zuhura ameniambia yaliyofuata. Umehamia chumba cha uani, hulali tena ndani ulikokaa na Baba tangu siku mlipohamia nyumba hiyo. Eda unaikaa kwa sababu Mungu ameiamrisha. Lakini ile Yasini uliyokuwa ukimsomea marehemu kila Alhamisi baada ya magharibi umeiacha, na mtu akikukumbusha unainuka unakwenda kufagia pasipo na taka. Hilo la Yasini ndilo lililonimaliza. Na ule ujumbe wako wa sauti ninao bado: "Lali, nambia kweli. Babako alikuwa hwenda wapi? Kama nna mke mwenza, nimuyue ningali hai." Nimeusikiliza ngazini, nimeusikiliza kazini, mpaka msimamizi wetu akaniuliza kama nimefiwa tena.

Hebu tumkumbuke kwanza mtu mwenyewe, Mama, kabla sijafika kwangu. Naogopa kufika kwangu, ndiyo kweli, lakini pia naogopa kwamba kwa hasira umemsahau.

Fundi mwingine hupima kwa macho. Baba alipima kwa ulimi. Mchanga ukiletwa kazini, alichukua punje mbili akaziweka ulimini, akatema. Maji ya kukorogea chokaa, hivyo hivyo. Akionja chumvi, mchanga unarudi ulikotoka, hata kama punda amekwisha kutuliwa mzigo na mwenye punda anatukana. Mawe ya tumbawe aliyaacha nje yakanyeshewa misimu miwili ndipo ayachome kupata chokaa. Watu walimcheka, wakamwita Mlamba-mchanga. Yeye akiwajibu, "Ukuta ukila munyu yeo, utautapika kesho," na anaendelea na kazi yake.

Na nyumba hiyo mnayosomea barua hii aliijenga Ijumaa kwa Ijumaa, kwa sababu siku nyingine zote alikuwa kwa watu. Unakumbuka alivyokusimamisha ukutani, akakwambia unyooshe mkono bila kujivuta? Pale mkono wako ulipofika ndipo alipokata zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vikombe vyako vya kauri. Mafundi wenzake walikuja kuona, wakasema zidaka ziko chini mno, hakuna nyumba Lamu yenye kipimo hicho. Akawaambia kipimo ni mwenye vikombe. Wewe ulijifanya umekasirika kwamba amekutangaza ufupi wako mji mzima, na kila mgeni akija unamwonyesha.

Zuhura, na wewe usijifanye umesahau. Mama alipolazwa wiki mbili zile, nani aliyekusuka nywele ukaenda skuli? Vidole vya Baba vilikuwa vimepasuka kwa chokaa, nywele zikinasa kwenye mipasuko, wewe unalia, yeye anapaka mafuta ya nazi na kuanza upya. Mistari ilikwenda upogo. Ulichekwa wiki nzima na hukukubali mtu mwingine aifumue. Na siku zote akirudi kazini na njaa, miguu myeupe mpaka magotini, hakugusa sahani mpaka Mama amalize kusali aje waanze pamoja. Sisi tulikuwa tunakodolea samaki macho, na yeye anatuambia samaki haruki.

Nimeinuka tena hapa. Makame amenitazama tu. Sasa nakuja kwangu, Mama, na nitaandika haraka nisije nikabadili nia.

Miaka tisa nyuma Baba alinichukua kwenda kazini Siyu, kwenye nyumba ya Bi Rukia. Wewe hukupata kumjua kwa sababu ulikuwa huulizi majina ya wenye nyumba, ulikuwa ukiuliza tu kama tunakula. Ni nyumba ya mawe ya wazee wake, na alikuwa akiitengeneza kwa ajili ya arusi ya binti yake. Desturi unaijua: bwana arusi ndiye anayeingia nyumbani kwa mke, na chumba cha ndani lazima siku hiyo kiwe cheupe kisicho doa. Kazi ilikuwa imebaki ukuta mmoja, ule wa nyuma ya kitanda cha bibi arusi. Hapo ndipo habari ya kifo cha Ami Omari ilipofika kutoka Pate. Baba aliweka mwiko chini, akanawa, akaondoka saa ile ile kwenda kumzika nduguye na kukaa matanga. Mimi alinambia nibaki niangalie vyombo. "Ukuta usiuguse mpaka niye," alisema. "Na ukitaka mai ya kazi, teka yabiani." Jabia lenyewe ni birika kubwa la maji ya mvua, na liko upande wa pili wa mji.

Nilikuwa na miaka ishirini na nimejaa kiburi mpaka puani. Nilitaka Baba arudi aukute ukuta umekwisha, aseme mbele ya watu kwamba mwanawe ni fundi. Na nisikufiche, nilitaka pia kuwahi mpira Faza siku ya Ijumaa. Nilikwenda jabiani, nikakuta foleni ya wanawake na ndoo zao, na mwenye ufunguo amekwenda shamba. Kisima cha Bi Rukia kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Maji yake ni ya chumvi, ya kuoshea miguu na kunyunyizia ua, hata mbuzi huyanusa kwanza. Nilichota humo, Mama. Ndoo kumi na mbili. Nikakoroga chokaa, nikapiga ukuta wote kwa siku moja na nusu, nikausugua ukang'aa, nikaenda Faza. Timu yetu ikafungwa.

Baba alirudi siku ya nne, macho mekundu. Aliingia ndani akaupapasa ukuta kwa kiganja kutoka kona hadi kona, nami nimesimama mlangoni nangoja sifa. Kisha akainama, akaugusa kwa ncha ya ulimi. Akatoa leso, akatema humo, akaikunja, akaitia mfukoni. "Umemaliza mbio," akasema. Arusi ilikuwa keshokutwa, wageni wa Mombasa walikuwa wamekwisha kufika na mashuka yamekwisha kutandikwa vyumba vingine. Kuukwangua ukuta ule na kuanza upya kulitaka wiki nzima. Akakoroga chokaa safi, nyepesi, akapaka juu, na bibi arusi akakaa mbele ya ukuta mweupe watu wakashangilia. Njia nzima ya kurudi Lamu nilikuwa nangoja anikaripie. Alizungumza habari za Ami Omari na utoto wao mpaka tukafika.

Wewe ulikuwa ukiniuliza siku zile kwa nini situlii mahali pamoja. Mwezi huu niko na mafundi rangi, mwezi ujao niko Mombasa, mara nimerudi, mara nataka pasi ya kusafiria. Nilikwambia nafuata riziki, na hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba sikuweza tena kushika mwiko Baba akiwa karibu. Alikuwa mpole kwangu kuliko zamani na upole ule ulinikosesha raha. Angenipiga kofi, pengine leo ningekuwa hapo Wiyoni na watoto watatu. Huku kuta huja tayari, ni mbao za jasi tupu. Unazikaza kwa skrubu, unaziba mwanya, unapaka rangi. Hakuna mtu anayeonja kitu, na mimi nimeipenda kazi hii kwa sababu hiyo.

Basi Zuhura aliponitumia jina na nambari ya huyo mwanamke wa Siyu, sikuhitaji kuuliza. Nilijua ni nyumba gani na ukuta gani. Siku tatu za Baba nilikuwa bado sijazielewa, nilichodhani ni kwamba plasta imeanguka na mwenye nyumba anamtafuta fundi amlaumu, na fundi yuko kaburini hawezi kujibu. Nambari ya simu nilikuwa nayo wiki mbili. Naiandika, naifuta. Kazini nilipaka mlango mmoja rangi mara mbili na mwingine nikauruka. Nilibadilisha zamu na wenzangu nipate kwenda kusali mapema, nikifika msikitini nasahau rakaa. Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa kwenye ngazi za jengo nikapiga.

"Ni nani mwendangu?" akauliza.

"Lali, mwana wa Fundi Shee."

Akasema, "Ewe Lali! Yeo ndipo wakumbuka kupija simu? Miaka tisa, mwanangu, na kisima changu ulikimaliza mai!"

Nilimuuliza amejuaje.

"Ningekosa kuyua? Ndoo thinashara, mtana kweupe, na muyi mzima wakutezama. Walikuya kunambia huyafika hata ndoo ya tatu."

Mama, nilikuwa nimejiandaa kukiri miaka tisa, na kumbe Siyu nzima inajua. Nilimwambia hivyo hivyo nilivyokuandikia wewe, nikaomba radhi, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanambia mambo ya Baba. Jioni ile ile aliporudi kutoka matangani, Baba alimwendea Bi Rukia akamwambia ukuta wake una ugonjwa, na kosa ni la mkono wake yeye, kwa kuwa kazi ilikuwa ni yake. Bi Rukia alikuwa na neno mdomoni, akaona heri alimeze. Baba akamwahidi kwamba ukuta ule hatauacha.

Na hakuuacha. Kila mwaka, masika yakiisha na chumvi ikianza kutoka ukutani, alikuwa akifika na mkoba wako na mwiko wake. Siku ya kwanza anakwangua palipofura na kuosha mawe kwa maji ya jabia. Siku ya pili anapiga chokaa. Siku ya tatu anausugua, anaonja, anatikisa kichwa, anaaga. Alikuwa akilala msikitini, na chakula akiletewa dakani, mbele ya mlango, watu wakipita na kumsalimia. Malipo hakuchukua. Hayo ndiyo maisha yake ya siri, Mama, na mashahidi wake ni mtaa mzima.

"Nalimwambia," Bi Rukia alinisimulia, "'Fundi, mwite mwano aye autengeze, ni kazi yake.' Akanambia, 'Bi Rukia, nikimwita atayua ukuta haukupoa. Kule aliko hana mali ila mikono. Mikono ikingia khofu, atakula nini?' Nikamwambia, basi hata mamake mwambie, asije akadhani ni mambo mangine. Akateka sana, meno nje. 'Mamake? Nikimwambia mtana, magharibi Lali yuwa nayo!'"

Hapo nilicheka, Mama, nikalia palepale ngazini, na mwenzangu mmoja wa kazini akaniwekea chupa ya maji miguuni bila kuuliza. Lakini sema kweli yako: alikosea? Lini uliwahi kunificha neno? Nilijua bei ya ng'ombe wa arusi ya Zuhura kabla ng'ombe mwenyewe hajajua anauzwa. Baba alikuficha wewe ili jambo lisinifikie mimi. Aliona bora atuhumiwe mke kuliko mimi nijue kwamba kazi yangu ya kwanza ya peke yangu inaoza. Na watu walipoanza kumtania kwamba ana mke Pate, ninakumbuka hata mimi nilimtania kwa simu. Akanijibu kwamba mke huyo ni mgonjwa na anahitaji kuuguzwa, tukacheka wote wawili. Sikujua nacheka nini.

Mwaka jana, anasema Bi Rukia, Baba alikuja anachechemea. Alipoonja ukuta uso wake ulifunguka. Akasema munyu umekaribia kwisha kwenye mawe, akienda tena mara moja au mbili utakuwa umepona kabisa. Mwaka huu masika yamepita na hakuna aliyekwenda, na plasta imeanguka nyuma ya kitanda, upana wa mkeka wa kusalia. Bi Rukia hakukupigia simu kulalamika. Alipiga kukupa mkono wa tanzia. Alikuwa analia kwa sababu miaka tisa amemwona mtu akitubu dhambi isiyo yake, na alitaka kukwambia, nawe ulikata.

Nisikudanganye kwamba nimetulia baada ya kujua. Nimezidi. Nimemkasirikia Baba, Mama, Mungu anisamehe. Kwa nini hakunambia? Ningelia siku moja, ningerudi, ningekwangua ukuta ule kwa kucha zangu, tungekaa pamoja yeye na mimi siku tatu kila mwaka tukionja mawe. Alininyima hilo. Nilikuwa juu ya ngazi natia skrubu siku Zuhura aliponipigia kwamba amekwisha kuzikwa baada ya alasiri, na sasa sina pa kumwomba radhi. Na wewe alikukosea zaidi. Alikuachia maswali ukiwa umevaa nguo za eda, akakuacha upambane na midomo ya watu. Nadhani alitaraji kuishi, kama tunavyotaraji sote. Nadhani ukuta ungepona angekueleza yote na kujisifu.

Lakini tupime sawasawa. Yeye alikuaga kwa jina la mji usio wenyewe. Mimi nilikuwa na simu mkononi miaka yote hiyo, na ningesema neno moja tu, "Baba, nilichota kisimani," asingekuwa na haja ya kuficha kitu. Kwa hiyo kama una hasira, na najua unayo, igawe vizuri. Kubwa nipe mimi. Akikupunguka hata mtu wa kumnunia, ninune mimi, usipokee simu zangu, nitaelewa. Yeye mrudishie nafasi yake.

Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani. Sijajibiwa, na kila mlango wa ofisi ukifunguka nageuka. Msimamizi ameniambia nisimkumbushe tena maana amechoka kuniona. Wakinipa, nitakuja kwako kwanza, kisha nitakwenda Siyu kwa siku nitakazohitajika, tatu au thelathini. Mwiko wa Baba usiupe mtu. Najua Ami Bakari ameuomba, mwambie asubiri. Wakininyima ruhusa nitaacha kazi. Usinikataze, Mama, kwa sababu nimekwisha kuiacha moyoni na Makame amekwisha kuanza kuulizia nani atachukua kitanda changu. Sijui kama mikono yangu itaweza. Sijakoroga chokaa tangu siku ile. Nimeanza kuota naonja vitu.

Bi Rukia mpigie, nakuomba. Eda haikatazi simu. Mwache alie amalize, umsikilize. Atakueleza jinsi Baba alivyokuwa akikusifu pale dakani, kwa maana kila chakula alichopewa alikuwa akikilinganisha na chako na kukikuta pungufu, mpaka binti yake Bi Rukia akaudhika.

Nisalimie shangazi Mwanaharusi, dada wa Baba, ambaye hakuamini uvumi ule hata siku moja na nasikia mmenuniana. Mwambie arudi kunywa chai. Ami Bakari nimekwisha kumtaja, mpe salamu zake pamoja na pole ya mwiko. Shemeji yangu, mume wa Zuhura, anayeishi kati ya wanawake wawili wenye hasira, Mungu amlipe subira. Zuhura mwenyewe nambusu kichwani, palepale panapopita mistari ya upogo. Na jirani yetu wa mlango wa kushoto, aliyekuletea habari kwamba mke mwenzio amejengewa nyumba ya mawe, msalimie sana, umwambie mke mwenza kapatikana: ana unene wa dhiraa nzima na amesimama Siyu tangu enzi za mababu.

Barua hii anakuja nayo Bwana Kassim wa Langoni, yule anayeleta vitambaa, anayerudi nyumbani Jumatatu. Ameniahidi kwamba Alhamisi mchana itakuwa mkononi mwa Zuhura. Mama, sikuombi unisamehe kwa karatasi. Hilo nitakuja kuliomba kwa miguu yangu. Ninaloomba ni la Alhamisi hiyo hiyo. Magharibi ikiingia, toka chumba cha uani, urudi ndani kwako, ukae upande wako wa kitanda, umsomee Baba Yasini yake. Na kama hasira itakuwa bado haijakuishia, soma nayo hivyo hivyo.

Mimi mwanao niliyekosa,

Lali Shee